Elimu ya Uraia: Chama cha jambo moja na chama cha mtu mmoja
Wazee wa Mji wa Kale wangali wanalikumbuka neno Mwambao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, baadhi ya watu wa pwani hawakutaka ukanda wa maili kumi, uliohesabiwa milki ya Sultani wa Zanzibar, uunganishwe na Kenya. Chama cha Coast People's Party kilisimamia dai hilo. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa na Uingereza kusikiliza pande zote, akapendekeza ukanda uwe sehemu ya Kenya. Tarehe 8 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walitia saini maafikiano, na suala likafungwa.

Lakini maafikiano yale yalikuwa na ahadi: mahakama za Kadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, hati za ardhi za pwani kutambuliwa. Ahadi kama hizo hutaka chama cha kuzifuatilia mwaka baada ya mwaka. Chama kilichojengwa juu ya Mwambao peke yake kilikuwa kimeshapoteza sababu ya kuwapo.

Mwaka 1997 Shirikisho Party of Kenya kiliingia uchaguzini kikidai majimbo. Kilipata kiti kimoja cha ubunge, Likoni. Tusikidharau, kwani dai lile lilikuwa na uzito wake pwani. Hata hivyo, ugatuzi tulio nao ulikuja kwa kura ya maoni ya nchi nzima mwaka 2010, na kiti kimoja kisingeweza kuuleta.

Chama cha mtu mmoja kina udhaifu mwingine. FORD ilianza mwaka 1991 ikiwa ya wengi. Mwaka uliofuata ikapasuka, kwani Jaramogi Oginga Odinga na Kenneth Matiba kila mmoja alitaka kugombea urais. Desemba 1992 Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, ingawa kura za wawili hao zikijumlishwa zilizidi zake. Odinga alipofariki Januari 1994, FORD-Kenya nayo ikaingia katika mvutano wa urithi.

Ibara ya 91 ya Katiba sasa inakataza chama kuundwa kwa msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo, na inakitaka kiwe na uongozi uliochaguliwa kidemokrasia. Sheria haiwezi kukipa chama fikra, hilo ni juu ya wanachama.

Kwa hiyo mgombea akija barazani kwenu, Kuze au Makadara, msikilizeni vizuri, kisha muulizeni. Kiongozi wa chama chake alichaguliwa lini, na nani? Akiondoka leo, nani atashika? Na mbali na lile jambo analolipigia kelele, chama kinasema nini juu ya taka, maji, zahanati na shule za chekechea?