Pupa Mbili za Msitu wa Arabuko-Sokoke

Wahenga walisema mla kwa pupa hadiriki tamu. Pupa hiyo ni haraka yenye tamaa. Lakini Kiswahili kina pupa nyingine: kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda akingoja kugeuka kipepeo. Katika somo hili nataka kuonyesha jinsi pupa hizi mbili zinavyogombea msitu mmoja, ule wa Arabuko-Sokoke, ulioko kati ya Kilifi na Malindi.

Msitu huu una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Ndiyo mabaki makubwa zaidi ya misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo huishi bundi mdogo wa Sokoke na sengi mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, viumbe adimu mno duniani.

Hata hivyo, uzuri haujazi sufuria. Mimi nimezaliwa kando ya msitu, na najua jinsi nyani wanavyoweza kuyamaliza mahindi ya mtu. Mzazi amevuna mabua, karo inadaiwa, na hapo karibu umesimama muhuhu unaotafutwa na wachongaji wa vinyago. Atafanya nini? Ataingia na shoka usiku. Hiyo ndiyo pupa ya kwanza. Mapema miaka ya 1990, wenyeji wengi walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba. Jamani, tusiwalaumu upesi. Msitu ulikuwa wa serikali, hasara ilikuwa yao.

Pupa ya pili ililetwa mwaka wa 1993, mradi wa Kipepeo ulipoanzishwa Gede, penye magofu ya kale. Mfugaji hunasa vipepeo wachache msituni, akawaweka katika kizimba cha wavu penye mimea wanayoipenda kutagia. Mayai huanguliwa, viwavi hula majani mpaka wanenepe, kisha hujifunga. Hapo mfugaji huwapeleka Gede, akalipwa. Kwa kuwa akiwa pupa mdudu hali wala haendi popote, husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, kwenye majumba ya maonyesho, na kutokea huko akiwa kipepeo. Lakini asichelewe, la sivyo atatokea njiani, na hasara ni ya muuzaji!

Sasa zingatia hapa. Mfugaji hurudi msituni kila mara kutafuta vipepeo wapya wa kuzalisha. Msitu ukiisha, na biashara imekwisha. Ndiyo maana mtu huyo akisikia shoka, hasemi "shauri ya serikali". Anasikia mfuko wake ukikatwa.

Mwaka wa 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango wa ASSETS. Watalii hulipa kiingilio kutembea juu ya daraja la mbao katika mikoko ya Mida, na fedha hizo husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka kandokando ya msitu. Yaani ndege wa Mida wanasomesha watoto!

Lakini tusidanganyane. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga mipaka, wageni walitoweka. Anayetegemea mgeni peke yake hulala njaa mgeni asipokuja. Kwa hiyo nashauri pupa ziandamane na mizinga ya nyuki na kilimo, na wenyeji wawe na sauti katika kugawa mapato. Mwenye kufaidi ndiye askari wa kweli wa msitu.

MSAMIATI
Kizimba: kibanda cha kufugia.
Muhuhu: mti wenye mbao ngumu.
Karo: ada ya shule.

ZOEZI
1. Tofautisha maana mbili za neno "pupa" kwa kutunga sentensi.
2. Kwa nini mfugaji wa vipepeo hawezi kuufurahia msitu ukikatwa?
3. Jadili: "Uzuri haujazi sufuria."