Fundisho la Sita: Dawa ya Kila Siku

Soma kwanza: Marko 1:40-45

Ndugu yangu, ikiwa umeambiwa kwamba damu yako ina virusi vya ukimwi, ndio SIDA, fundisho hili ni lako. Na wewe usiye na virusi, lisome pia, maana jirani yako anahitaji msaada wako.

1. Tujue ugonjwa. Mungu ameweka katika damu yetu askari wa kulinda mwili. Virusi vya ukimwi vinaingia ndani ya askari hao, vinazaa humo na kuwaua. Askari wakipungua sana, kifua kikuu na magonjwa mengine yanaingia kama wezi katika nyumba isiyo na mlango. Huu si uchawi wala laana ya ukoo. Ulikuwa katika nchi yetu kabla haujapewa jina: katika damu iliyotolewa Léopoldville mwaka wa 1959, wataalamu walikuta virusi hivi baadaye.

2. Tujue kazi ya dawa. Vidonge havimalizi virusi vyote, lakini vinavizuia kuzaa. Ukimeza kila siku, saa ile ile, virusi vinapungua hata kipimo hakivioni tena. Ndipo unaweza kulima, kuoa au kuolewa, na kuona wajukuu. Mtu aliyefika hapo na anayeendelea na dawa hamwambukizi mwenzi wake katika ndoa. Mama naye anaweza kuzaa na kunyonyesha mtoto asiye na virusi. Bila dawa, katika watoto 100, kati ya 15 na 45 huambukizwa na mama zao. Kwa dawa, hawafiki 5.

3. Hatari ya kuacha. Mama mmoja alikuwa akichukua dawa kwetu, na mwili wake ulikuwa na nguvu. Kisha aliombewa, na mtu akamwambia, “Umepona. Kumeza tena ni kukosa imani.” Akavitupa vidonge chooni. Siku yake ya dawa ilipita asije. Mimi niliona, nikasema, “Nitamtembelea kesho.” Sikuenda. Kosa hilo ni langu. Alirudi akibebwa kwa kipoyi, akikohoa. Tulimtibu kifua kikuu, akarudia vidonge, akapata nguvu. Lakini mtoto wake aliyekuwa akinyonya alikuwa amekwisha kuambukizwa. Leo mtoto huyo anameza dawa yake na kwenda shule.

Je, kuomba ni vibaya? Hapana. Mimi ninaomba pamoja na wagonjwa kila asubuhi. Lakini anayemwomba Mungu chakula hatupi jembe lake. Angalia tena habari uliyosoma: Yesu alimgusa mwenye ukoma, akamponya, kisha akamtuma kwa kuhani achunguzwe. Basi uponyaji wa kweli hauogopi kuchunguzwa. Mtu akikuambia umepona, usiache dawa, njoo hospitalini. Na kipimo kisipoona virusi, ujue dawa inafanya kazi. Mshukuru Mungu, uendelee kumeza.

4. Tufundishe wengine. Mama yule sasa anaketi na wagonjwa wapya, akiwaeleza yaliyompata. Wanamsikia kuliko mimi, maana amepita njia ile ile. Wewe pia unaweza kufanya hivi:

Waambie watu kwamba kula pamoja, kushikana mikono na kuumwa na mbu hakuleti virusi. Vinapita katika kulala na mtu, katika damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto.

Mkumbushe mwenzako saa ya dawa. Asipoonekana siku yake, mtembelee siku hiyo hiyo.

Tunza siri. Usitaje ugonjwa wa mtu kanisani wala sokoni, hata katika maombi, kama yeye hakukuruhusu. Sheria ya nchi yetu ya mwaka wa 2008 inalinda haki za wenye virusi. Wakristo wasiwe nyuma ya sheria.

Maulizo

1. Dawa inafanya nini katika damu?
2. Kwa nini hatuachi dawa kipimo kisipoona virusi?
3. Yesu alimtuma mwenye ukoma kwa nani?
4. Ni nani unayepaswa kumtembelea leo, wala si kesho?