Asumini ya Lindi, baridi ya Newala

Swali: Bwana Shamba, nilileta mche wa asumini kutoka kwa shangazi Lindi, nikaupanda Newala karibu na barabara. Masika ulishamiri. Sasa ni Julai, majani ni ya njano na maua hakuna. Niung'oe?

Jibu: Usiung'oe, mwanangu! Kwaruza gamba la shina kwa ukucha: ukiona ubichi chini yake, mti u hai. Asumini ni wa pwani, umezoea joto na unyevu. Huko kwenu uwandani Julai kusi inapiga usiku kucha, na kichanga kinapitisha maji kama chekeche.

Kosa ni mahali. Mvua za Desemba zikishika, uhamishie nyuma ya nyumba, ukuta uukinge na kusi, jua la asubuhi liupate. Chimba futi mbili, changanya samadi ya mbuzi iliyooza, kisha tandaza majani makavu ya mkorosho, shina lisiguswe. Chini ya mkorosho wenyewe usipande. Mizizi yake itakushinda.

Maji najua mnanunua kwa ndoo. Yaliyosuuzia mboga yanatosha, kila siku ya tatu. Ya sabuni ya unga mwaga kwingine.

Oktoba pogoa theluthi moja, maana maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Matawi ya unene wa penseli usitupe: yakate yenye vifundo vitatu vitatu, uyachomeke kivulini kwenye mchanga wenye unyevu. Mengine yatashika, umpelekee na jirani.