Kuchagua Kikinza cha Taa ya Diodi: Mfano wa Nyumba za Rungwe

Mwanafunzi wa sekondari aliyekwisha kusoma Kanuni ya Omu huliona swali la kikinza cha taa ndogo kuwa jepesi mno. Chukua volteji ya betri, toa volteji ya taa, gawanya kwa mkondo unaotakiwa, jibu limepatikana. Hesabu hiyo ni sahihi, na katika makala hii tutaitumia tena na tena. Taabu yake ni kwamba inaanza na tarakimu ambayo, katika nyumba inayotegemea jua, haitulii mahali pamoja: volteji ya betri yenyewe.

Mji wa Tukuyu umejengwa kwenye miteremko iliyo kusini ya Mlima Rungwe, mahali ambapo mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Mvua hiyo ndiyo iletayo migomba na chai. Lakini mawingu yake huziba jua siku nyingi mfululizo. Nguzo za umeme zimefika vijiji vingi tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007, hata hivyo zipo nyumba migombani ambazo bado huwashwa kwa paneli ya jua na betri ya volti 12. Siku ya jua kali betri hiyo, ikiwa inachajiwa, hupanda hadi volti 14.4. Ikikaa bila kuchajiwa, nayo imejaa vizuri, huwa na volti 12.6 hivi. Baada ya siku kadhaa za mawingu hushuka hadi volti 11.5, ambapo ni heri taa zizimwe ili betri isiharibike. Sasa mwanafunzi anayetaka kujitengenezea taa ya kusomea achukue tarakimu ipi kati ya hizo tatu? Vitabu vingi humpa 12 na kuendelea na safari.

Kwanza tuitazame taa yenyewe. Madukani huitwa LED. Hapa tutaiita diodi-nuru. Nuru itokayo katika kipande cha fuwele kinachopitisha umeme ilichunguzwa na Mrusi Oleg Losev katika miaka ya 1920, na mwaka 1962 Nick Holonyak wa Marekani alionyesha diodi-nuru nyekundu iliyofaa kutumika. Ile nyeupe ilichelewa sana, kwa sababu ilingojea diodi ya buluu yenye nguvu. Kazi hiyo iliwapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Diodi nyeupe ya kawaida ni diodi ya buluu iliyofunikwa kwa unga unaogeuza sehemu ya nuru hiyo kuwa ya manjano. Macho yetu huchanganya rangi hizo mbili na kuona nyeupe.

Diodi-nuru haiitii Kanuni ya Omu. Volteji ikiwa ndogo, haipitishi mkondo wa maana hata kidogo. Ikifikia kiwango chake cha kuwaka, ambacho kwa diodi nyekundu ni karibu volti 2.0 na kwa nyeupe karibu volti 3.2, mkondo huanza kupanda ghafla, na nyongeza ya sehemu ndogo tu ya volti huuzidisha mara kadhaa. Tena, diodi ikipata joto kiwango hicho hushuka, mkondo huongezeka, joto nalo huongezeka zaidi. Walimu wengi hupenda kueleza jambo hili kwa mfano wa maji katika bomba. Mimi siupendi sana, kwa maana sijaona bomba linalojipanua kadiri linavyopata moto. Yatosha kusema kwamba diodi haina breki ya kutosha ndani yake, na kikinza, ambacho mafundi wa redio hukiita rezista, ndicho breki tunayoitia kutoka nje.

Diodi ndogo za kipenyo cha milimita 5 kwa kawaida huendeshwa kwa miliampea 20, na mwisho wa uwezo wake ni karibu miliampea 30. Basi tuanze na diodi nyeupe moja kwenye betri ya volti 12.6. Zinazobaki kwa kikinza ni 12.6 − 3.2, yaani volti 9.4, gawanya kwa ampea 0.020, jibu ni omu 470. Hapo bahati imetupendelea, kwani kikinza cha omu 470 kinauzwa. Tukiunga diodi mbili kwa mfuatano, hubaki volti 6.2 na jibu ni omu 310, na kikinza cha omu 310 hutakiona katika safu ya kawaida ya viwandani. Safu hiyo hurudia tarakimu 12 tu: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, kisha zikizidishwa kwa kumi na kumi. Kila moja ni karibu mara 1.2 ya iliyotangulia. Pale hesabu inapoangukia katikati tunachukua kikinza kikubwa zaidi, hapa 330, na mkondo utakuwa miliampea 18.8. Jicho halitaitambua tofauti hiyo. Diodi tatu kwa mfuatano huacha volti 3.0, na kikinza chake ni omu 150.

Mwanafunzi atakayeishia hapo atasema kwamba njia zote tatu ni sawa, kwa kuwa zote zinatoa takriban miliampea 20. Lakini tuiache betri ipande na kushuka kama inavyofanya kweli. Diodi moja yenye omu 470 itapata miliampea 23.8 betri ikiwa na volti 14.4, na 17.7 ikishuka hadi 11.5. Diodi mbili zenye omu 330 zitapata 24.2 na 15.5. Diodi tatu zenye omu 150 zitapata miliampea 32 kwa juu na 12.7 kwa chini. Njia ya tatu imevuka mpaka wa miliampea 30, na taa iliyoachwa ikiwaka mchana wa jua itachakaa mapema. Sababu yake ionekane wazi: kikinza kilichobakiziwa volti 3 tu, ukikiongezea 1.8 umekipa zaidi ya nusu ya mzigo wake wa kwanza. Kile chenye volti 9.4 nyongeza hiyo ni chini ya sehemu moja ya tano. Kikinza kinatuliza mkondo kadiri kinavyopewa sehemu kubwa ya volteji. (Hesabu hizi zinachukulia kwamba volteji ya diodi haibadiliki kabisa. Kwa kweli hupanda na kushuka kidogo pamoja na mkondo, kwa hiyo tofauti zitakazopimwa zitakuwa ndogo kidogo kuliko hizi.)

Utulivu huo unalipiwa. Sehemu ya volteji iliyo juu ya kikinza hugeuka joto, si nuru. Katika sakiti ya diodi moja, robo tatu ya nishati ya betri inapotea kwenye kikinza. Katika ile ya diodi mbili karibu nusu. Katika ile ya diodi tatu robo moja tu. Katika maabara nilizofundishiwa ng'ambo hakuna aliyejali jambo hilo, kwa maana umeme ulitoka ukutani na volteji yake haikutikisika. Katika nyumba ya Rungwe wakati wa masika ndilo jambo la kwanza kuangaliwa. Tuchukue taa ya kusomea yenye diodi 12, na betri ndogo ya ampea-saa 7 ambayo, ili idumu, tunakubali kutumia nusu yake tu, yaani ampea-saa 3.5. Diodi zikiungwa mojamoja, taa itavuta miliampea 240 na kuwaka saa 14 na nusu. Zikiungwa mbilimbili itavuta 113 na kuwaka saa 31. Zikiungwa tatutatu kwa omu 150 itavuta 80 na kuwaka karibu saa 44. Kwa mwanafunzi anayesoma saa nne kila usiku, njia ya kwanza haimalizi usiku wa nne. Ya pili inakaribia usiku wa nane. Ya tatu inafika karibu wa kumi na moja. Tofauti ya wiki nzima ya kusoma bila jua imetokana na namna ya kupanga vitu vilevile mezani.

Je, tutaipataje nafuu ya diodi tatu bila kuziunguza? Kwa kuchagua kikinza kwa volteji ya juu kabisa, si kwa ile ya kati. Volti 14.4 ukitoa 9.6 hubaki 4.8, gawanya kwa ampea 0.020, jibu ni omu 240. Katika safu yetu 240 haimo. Jirani zake ni 220 na 270. Hapa naiacha kanuni niliyoitaja juu ya kupanda, nachukua 220, kwa kuwa mkondo wa juu utakuwa miliampea 21.8, na nafasi hadi 30 bado ni pana. Betri ikiwa na volti 12.6 mkondo utakuwa 13.6, ikishuka hadi 11.5 utakuwa 8.6.

Msomaji atalalamika kwamba taa imefifia. Ni kweli, na dawa yake si kupunguza kikinza bali kuongeza diodi. Unga mafungu sita ya diodi tatutatu badala ya manne, kila fungu na omu 220 yake. Taa itavuta karibu miliampea 82, sawasawa na ile ya mafungu manne yenye omu 150, na nuru itakuwa walau ileile, kwa sababu diodi nyeupe hutoa nuru nyingi zaidi kidogo kwa kila miliampea inapoendeshwa polepole. Gharama yake ni diodi sita na vikinza viwili, vitu ambavyo bei yake haifikii hata kidogo ile ya betri. Kule kufifia betri inapokwisha nako sikuoni kuwa kasoro. Taa inayopungua nuru pole pole humwonya mwenye nyumba na kuvuta umeme kidogo wakati ambapo betri haiwezi kutoa mwingi.

Lipo pia jambo la baridi. Betri ya risasi na asidi huhitaji volteji kubwa zaidi ya kuchajia hali ya hewa ikiwa baridi, na vidhibiti vyema vya chaji hujirekebisha vyenyewe, karibu volti 0.024 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi iliyo chini ya 25. Asubuhi ya Julai Tukuyu, tuseme nyuzi 10, betri itaruhusiwa kupanda hadi karibu volti 14.8. Fungu letu la omu 220 litapitisha miliampea 23.6 na kubaki salama. Lile la omu 150 lingepitisha karibu 35.

Uwezo wa kikinza kustahimili joto huhesabiwa kwa wati, na wanafunzi huusahau mara nyingi. Kwa volti 14.4, kikinza cha omu 220 katika fungu la diodi tatu hupokea wati 0.10, hivyo cha robo wati chatosha. Kikinza cha omu 470 chenye diodi moja hupokea wati 0.27: cha robo wati kitazidiwa, hapana budi kiwe cha nusu wati.

Usijaribu kubana matumizi kwa kutumia kikinza kimoja kwa mafungu yote yaliyo sambamba. Diodi hazifanani kabisa, hata zile za pakiti moja. Fungu lenye volteji ndogo ya kuwaka litajivutia mkondo wa wenzake, lipate joto, lijivutie zaidi. Na kabla ya taa, karibu na ncha chanya ya betri, iwepo fyuzi ya ampea 1. Betri hizi ndogo zikigusishwa nyaya zake hutoa mkondo wa kuyeyusha waya.

Vikinza si lazima vinunuliwe. Redio iliyokufa kwa fundi yeyote ina makumi yake, na rangi zake husomeka: nyeusi ni 0, kahawia 1, nyekundu 2, machungwa 3, manjano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sufuri. Nyekundu, nyekundu, kahawia ni 220. Manjano, zambarau, kahawia ni 470. Mstari wa dhahabu mwishoni waonyesha kwamba thamani yaweza kukosea kwa asilimia 5, kosa ambalo, mbele ya betri inayotembea kutoka 11.5 hadi 14.4, halina uzito wowote. Hata hivyo kikinza cha zamani kipimwe kwanza kwa mita, maana joto la miaka mingi hukibadilisha.

Kuupima mkondo hakuhitaji kukata waya. Weka mita ya volti juu ya kikinza, soma, gawanya kwa 220. Ikisoma volti 2.9, mkondo ni miliampea 13.

Kwa darasa napendekeza kazi mbili. Ya kwanza: pikipiki yenye betri ya volti 12 inatakiwa kuwekewa diodi nyekundu ya kuonyesha kwamba swichi imewashwa, mkondo usizidi miliampea 10 hata injini inapochaji kwa volti 14.4. Wanafunzi wachague kikinza kutoka katika safu ya tarakimu 12 na waeleze kama robo wati inatosha. Ya pili inataka uvumilivu. Wapime volteji ya betri ya sola iliyo karibu na shule kila siku saa 12 asubuhi na saa 7 mchana kwa muda wa wiki mbili, wachore grafu, na pembeni waandike hali ya mawingu. Tarakimu ya juu kabisa watakayoipata ndiyo ichukue nafasi ya 14.4 katika hesabu za taa yao.