SOMO: MKUKI WA WAZEE WETU

Leo tujifunze habari za mkuki. Wazee wetu wa Usukuma waliutumia pamoja na upinde na mishale. Tuujue mkuki vizuri, na tujue pia mahali unapoweza kututia matatani.

SEHEMU ZA MKUKI
Mkuki una sehemu kuu mbili. Ya kwanza ni chuma chenye ncha. Ya pili ni mti wake. Mti mzuri ni ule ulionyooka, mgumu, usiovunjika ovyo, kama mkole. Hubanduliwa maganda na kukaushwa kivulini ili usipasuke.

CHUMA KILITOKA WAPI?
Zamani Warongo, wahunzi wa upande wa Geita, waliyeyusha mawe ya chuma kwa moto wa makaa. Mmoja alivukuta mivukuto, mwingine aligonga chuma. Walitengeneza mikuki na majembe. Majembe hayo yalitumika hata kulipia mahari. Katika makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, ipo nyumba ya mhunzi. Nendeni mkaione.

KAZI YA MKUKI
Mkuki ulilinda mifugo na watu. Simba au fisi akivamia zizi, mwenye mkuki alitoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa ng'ombe ulizidi, wanakijiji wakaunda sungusungu. Hao walishika zaidi upinde na mishale. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria iliyowatambua.

TUJIHADHARI
Mkoa wetu wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, umepakana na Hifadhi ya Serengeti. Lipo pia Pori la Akiba Maswa. Je, ukiingia humo na mkuki bila kibali, hata kama hujaua mnyama? Hilo ni kosa. Silaha si bunduki peke yake. Mkuki nao ni silaha, sawa na upinde. Unaweza kufungwa. Baba akifungwa, pamba ataipalilia nani? Ng'ombe akipotelea huko, usimfuate na mkuki. Toa taarifa kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa askari wa wanyamapori.

Tembo akija shambani, usimchome. Tembo aliyejeruhiwa huwa mkali zaidi, naye huua watu. Ondoa watoto, kisha itisha msaada.

Na mwizi akikamatwa, apelekwe polisi akiwa hai. Wazee husema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kumkamata mwizi ni ulinzi. Kumuua ni kosa kubwa kuliko wizi wake.

Basi tuutunze mkuki nyumbani, na tuwaeleze watoto historia yake.

MASWALI
1. Taja sehemu kuu mbili za mkuki.
2. Warongo walikuwa watu wa kazi gani?
3. Kwa nini ni hatari kumchoma tembo?
4. Ng'ombe wako ameingia hifadhini. Utafanya nini? Jadilianeni na wenzenu, kisha andikeni majibu daftarini.