Hesabu Huanza na Sentensi

Mtoto anayeshindwa na hesabu mara nyingi ameshindwa kwanza na sentensi. Ndiyo maana naleta jambo hili kwetu, wanafunzi wa lugha. Jioni, hapa Bukavu, mimi husaidia watoto wa mwaka wa tatu na wa nne wa shule ya msingi. Tazama swali hili:

« Neema a 73 œufs. Elle en a 28 de plus que Baraka. Combien d'œufs a Baraka ? »

Wengi huandika 101. Kujumlisha wanajua, wamesikia « plus », jina la alama ya +, wakalifuata. Kutafsiri tu hakutoshi, kwani « zaidi » lina mtego uleule.

Kwa hiyo nafunika namba kwa kidole, na mtoto anasimulia kisa kwa Kiswahili cha nyumbani. Namwuliza: nani ana mayai mengi? Akisema « Neema anamupita Baraka », tayari anajua kwamba jibu litakuwa chini ya 73. Kisha anachora mistari miwili, mrefu na mfupi. Tofauti yake ni 28.

Sasa ndipo anahesabu. Hapa Kiswahili chetu cha Kivu kinasaidia. Katika « sabini » ya vitabuni makumi hayasikiki, lakini « makumi saba na tatu » inayataja wazi. Mtoto anafungua kumi moja: anabaki na makumi sita, na kumi na tatu pembeni. Anatoa makumi mbili na munane. Yanabaki makumi ine na tano. Mwisho anahakikisha: 45 na 28 ni 73.

George Pólya, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria, alipanga hatua kama hizi katika kitabu chake cha 1945: kuelewa, kupanga, kutenda, kutazama nyuma. Darasani mara nyingi tunarukia ya tatu.

Sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia, lakini swali la mtihani litakuja kwa Kifaransa. Basi baada ya jibu, mtoto arudie sentensi ile ya Kifaransa na aonyeshe maneno yanayosema nani anampita nani. Bila kazi hiyo, anaweza kurudia mwaka na kuitwa mjinga wa hesabu, kumbe kilichomfunga ni maneno matatu: « de plus que ». Kuyafungua ni kazi yetu pia.