John Bell na Misingi ya Nadharia ya Kwanta

Nadharia ya kwanta hueleza tabia za atomu na nuru kwa usahihi mkubwa, lakini mara nyingi hutaja uwezekano tu wa matokeo. Haitabiri chembe moja itafanya nini. Je, chembe ina jibu lililofichika ambalo sisi hatulijui, au jibu halipo kabla ya kupima? Mwaka 1935 Albert Einstein, Boris Podolsky na Nathan Rosen walitoa hoja kwamba nadharia hiyo haijakamilika. Kwa miaka mingi wanafizikia wengi waliliona jambo hilo kuwa la falsafa tu. Aliyelipeleka maabara ni John Stewart Bell.

Maisha na kazi yake

Bell alizaliwa Belfast, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1928, katika jamaa isiyo na mali. Alipomaliza shule akiwa na umri wa miaka 16, alifanya kazi ya ufundi wa maabara katika Chuo Kikuu cha Queen's mjini humo, na baada ya mwaka mmoja akaingia chuoni hapo kama mwanafunzi. Alipata shahada ya fizikia ya majaribio mwaka 1948, na ya fizikia ya hisabati mwaka 1949.

Baadaye aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa nishati ya atomu cha Harwell, Uingereza, akashughulikia usanifu wa mitambo ya kuongeza mwendo wa chembe. Alipata shahada ya udaktari Birmingham mwaka 1956. Mwaka 1960 yeye na mkewe Mary, ambaye naye alikuwa mwanafizikia, walihamia kituo cha CERN, Geneva. Mshahara wake ulitokana na kazi ya chembe na mitambo. Misingi ya kwanta aliishughulikia pembeni. Makala yake mashuhuri ya mwaka 1964 aliiandika alipokuwa likizoni Marekani.

Hoja yake kwa mfano

Tuchukulie kwamba katikati ya Makambako na Njombe kuna chombo kinachotoa fotoni mbili mbili, moja ikielekea kila mji. Katika kila mji yupo mwalimu mwenye kichujio cha nuru kinachoweza kuwekwa katika pembe ya digrii 0, 60 au 120. Kila mwalimu huchagua pembe kwa kurusha dadu. Fotoni ikipita huandika P. Ikizuiliwa huandika Z. Uchaguzi na upimaji hufanyika upesi mno, hata nuru, ambayo huvuka umbali wa miji hiyo kwa muda usiofika sehemu 2 kati ya 10,000 za sekunde, haiwahi kupeleka habari.

Walimu wakichagua pembe moja, matokeo yao hufanana daima. Maelezo mepesi ni kwamba kila jozi ilitoka na maagizo yaliyokwisha andaliwa kwa pembe zote tatu, kama wanafunzi wawili waliopatana majibu kabla ya kuingia vyumba tofauti vya mtihani.

Sasa tuhesabu. Maagizo yanaweza kuwa ya aina 8. Katika PPP na ZZZ, pembe zozote mbili hufanana. Katika aina 6 zilizobaki, kwa mfano PPZ, kati ya jozi tatu za pembe ni moja tu inayofanana. Kwa hiyo walimu wanapochagua pembe tofauti, matokeo yafanane kwa wastani si chini ya theluthi moja: yapata mara 300 au zaidi katika majaribio 900. Lakini nadharia ya kwanta hutoa kipeo cha pili cha kosaini ya digrii 60, yaani robo moja: yapata mara 225. Hesabu hizi mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja.

Hukumu ya majaribio

Stuart Freedman na John Clauser walipima mwaka 1972 huko Berkeley. Mwaka 1982 Alain Aspect na wenzake, Ufaransa, walibadili vipimo wakati fotoni zikiwa njiani. Mwaka 2015 majaribio ya Delft na kwingineko yaliziba mianya mikubwa iliyosalia. Pembe na hesabu zao zilitofautiana na za mfano wetu, lakini hoja ilikuwa ile ile, na matokeo yalikubaliana na nadharia ya kwanta. Clauser, Aspect na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Bell alikuwa amefariki mwaka 1990.

Tusikosee hapa: njia hii haipeleki ujumbe. Mwalimu wa Njombe akitazama daftari lake peke yake huona P na Z nusu kwa nusu. Ajabu huonekana madaftari mawili yanapolinganishwa.

Wataalamu wangali wakijadiliana maana ya matokeo haya. Lililokwisha ni dai kwamba swali hilo halina jaribio. Bell alilijibu dai hilo kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari aweza kuifuata.

Maswali

1. Andika aina zote 8 za maagizo, na kwa kila moja hesabu jozi za pembe zinazofanana.
2. Kwa nini pembe zichaguliwe kwa dadu, wala si kwa utaratibu unaojulikana mapema?
3. Wanafunzi wawili wapatane majibu, kisha waulizwe katika vyumba tofauti. Je, waweza kufanana daima kwa swali moja, na chini ya theluthi kwa maswali tofauti?